Mwanahawa, andikeni majina kabla ya kikao

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum, za masiku, habari za Muheza, mama miguu inamsumbua bado? Sisi huku Virginia wazima, Zuhura kaanza shule, baba yake yuko na shifti za usiku, picha ntakutumia baadae manake leo nina jambo.

Nimesikiliza voisi ya Mzee Sefu kwenye grupu. Yani kweli wanataka kupitisha greda makaburi ya kule juu wajenge fremu za maduka, na sababu yenyewe ati makaburi ya manamba hayana wenyewe?? Babu yetu kalala pale, bibi yako mzaa mama kalala pale, wale mapacha wa Bi Kidawa wako pale chini ya mkorosho. Hao wengine kama ndugu zao hawaonekani si kwa sababu walitoka mbali, Kigoma, Songea, Msumbiji huko, Silabu, ile ofisi iliyokuwa ikitafuta manamba, yani vibarua wa mkataba, ikawaleta kukata mkonge wakafia hapohapo, sasa nani angekuja kupalilia? Nimekosa usingizi. Nikaona nikuandikie wewe, kwenye grupu watatia emoji za kulia halafu basi.

Hapa Alexandria tunapokaa kuna makaburi nataka uyajue. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe watumwa walikuwa wanatoroka kwa mabwana wanakimbilia mji huu kwa sababu ulishikwa na jeshi la serikali ya Rais Lincoln. Wakaja wengi mno, wamechoka, ndui na maradhi mengine yakawamaliza. 1864 jeshi likachukua kiwanja mwisho wa mji wakawa wanawazika pale, mpaka kufika 1869 wamefika kama 1,800, na zaidi ya nusu watoto Mwanahawa, watoto! Alama zilikuwa za mbao, zikaoza. Watu wakasahau, na 1955 ikajengwa sheli juu yake, na jengo la ofisi. Magari yanajaza mafuta juu ya watu.

Kilichowaokoa ni daftari. Kuna mchungaji mmoja Gladwin, alikuwa ndo msimamizi wa wale waliotoroka, vifo vilikuwa vinaandikwa jina, umri, tarehe, na hilo daftari halikupotea. Miaka ya tisini wakati wanataka kupanua barabara kuu na daraja la pale ndo habari ikatoka gazetini, wakina mama wawili wa hapahapa mjini, Lillie Finklea na Louise Massoud, wakaanzisha chama chao 1997 kuyatetea. Hawakuwa wakubwa wa serikali wala nini, walishikilia tu. 2007 sheli na ile ofisi vikabomolewa, na Septemba 2014 mji mzima ukaja kupazindua kama mahali pa historia. Majina yameandikwa kwenye shaba ukutani, na watu wamefuatiliwa mpaka wajukuu na vitukuu wao wakapatikana, wako hai, wengine walikuwa hawajui kabisa kama wana mtu pale.

Na kingine, wanajeshi weusi waliokuwa wamelazwa hospitali ya hapo, zaidi ya 400, mwaka huohuo 1864 walitia saini barua kwamba wenzao wasizikwe pale, wazikwe makaburi ya jeshi kama askari wengine. Wagonjwa vitandani! Na wakasikilizwa, waliokwisha kuzikwa wakafukuliwa wakahamishwa. Nikisoma hiyo halafu nikisikia watu wa kwetu wanasema "tutafanyaje, wakubwa wameshaamua" roho inaniuma.

Sasa sisi daftari letu liko wapi? Liko kichwani mwa Bi Kidawa. Nakuomba shoga yangu, nenda kakae nae, muwashie simu umrekodi, nani kalala wapi, alitokea wapi, alikuwa akikata mkonge au yuko korona, kule kiwandani kwenye mashine ya mkonge, hata kama anakumbuka jina la utani andika. Halafu mzunguke nae makaburi polepole mpige picha na lile kaburi la saruji lenye herufi. Kikao kikifika Mzee Sefu asisimame na maneno matupu, asimame na orodha, kila jina mtu wa ukoo wake anyooshe mkono. Tuone nani atasema hayana wenyewe.

Kwani kikao ni lini hasa, kabla ya Ramadhani au baada? Na Bi Kidawa macho yanaona bado? Yule mwalimu mstaafu aliyekuwa anaandika historia ya kijiji bado yupo, na karatasi zake? Wamakonde wa mtaa wa chini wameshaambiwa, manake wao wana watu wengi pale kuliko sisi? Shekhe na padri wanasemaje? Na wewe Mwanahawa utasimama kuongea siku hiyo? Nataka usimame, una sauti.

Hela ya daftari na bodaboda namtumia shemeji kesho. Nijibu kwa voisi hata usiku.

Wako,
Rehema