Maganda ya Arisaka

Pennsylvania, Marekani

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Huku baridi imeanza kung'ata, ila tu wazima.

Naona picha ya ile bunduki imekutia hamu. Ni ya mzee jirani yangu, namwita Babu na keshazoea. Baba yake aliileta kutoka Japani vita vilipokwisha 1945. Ni Arisaka ya mfano wa 99, bunduki ya jeshi la Japani, jeshi lile lile walilopambana nalo askari wetu wa Keya (King's African Rifles) kule Burma 1944, babu yako akiwamo. Lile ua la mfalme wao juu ya chemba, pale risasi inapokaa, limesagwa, kama ilivyofanyiwa nyingi zilizosalimishwa.

Umeuliza risasi anazipata wapi. Inakula risasi za 7.7 kwa 58, yaani upana wa milimita 7.7 na ganda la urefu wa milimita 58, na hizo hata zikipatikana dukani bei yake inakera. Lakini maganda matupu ya .30-06, risasi ya Kimarekani, yamejaa kwenye viwanja vya shabaha. Vitako vyao karibu vinalingana, na la Kimarekani ni refu zaidi, milimita 63. Refu unalipunguza, fupi utalifanyaje? Basi anayageuza ya .30-06 yawe ya 7.7. Sheria ya shirikisho hapa haimdai leseni anayejijazia risasi za kupigia mwenyewe. Akitengeneza za kuuza ndipo leseni inahitajika. Yeye anadai anaokoa pesa. Nikitazama saa anazokesha gereji, siamini.

Wewe fundi wa kerezo hapa utafurahi. Ganda linapakwa mafuta mazito, kiasi cha kung'arisha tu, kisha linasukumwa kwa presi ya mkono ndani ya kalibu ya 7.7. Bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, linarudi nyuma, na shingo inarefuka. Mafuta yakipungua, ganda linang'ang'ania ndani na ukilivuta ukingo wa kitako unanyofoka. Yakizidi, yanakosa pa kwenda na kubonyeza bega, linabaki na kishimo. Halafu shingo inakatwa hadi 58 na kingo kuparuzwa ndani na nje.

Shingo ndiyo yenye kazi. Madini ya ganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30. Ukiyakunja yanakuwa magumu, mwisho yanapasuka. Kwa hiyo Babu husimamisha maganda kwenye sinia la maji na kupitisha moto shingoni tu. Kitako lazima kibaki kigumu, maana ndicho kinachohimili shinikizo. Tena sehemu iliyokuwa kiwiliwili sasa imekuwa shingo, na huko chini shaba ni nene. Shingo nene ikibanwa na chemba haifunguki kuiachia risasi yenyewe, kile kichwa kinachoruka, na shinikizo linapanda vibaya. Kila moja anaipima. Na kichwa hicho hachukui kile cha .30-06 cha upana wa inchi .308, anatia cha .311, upana ule ule wa kichwa cha risasi ya Kiingereza iitwayo .303.

Kabla ya yote hayo alimimina kwenye chemba aloi, mchanganyiko wa metali, inayoyeyuka hata maji hayajachemka, akatoa umbo lake na kulipima. Hakuwa na wasiwasi bure: baadhi ya Arisaka zilichongwa upya baada ya vita zipige .30-06, na nyingine kwa nje huwezi kuzijua.

Kinachonitisha mimi ni maandishi ya kitakoni. Ganda limeshakuwa 7.7 lakini bado limeandikwa .30-06, na mtu akilitia kwenye bunduki ya .30-06 kwa kuyaamini, linakaa limelegea. Babu anapaka kitako rangi nyekundu na kuyafungia maganda hayo kwenye sanduku lake. Mimi ningeyafuta kabisa maandishi yale; tumebishana, hakubali.

Ganda likishapigwa mara ya kwanza huvimba kidogo juu ya kitako, kwani la Kimarekani ni jembamba kidogo hapo. Babu huingiza waya uliopindwa nchani na kupapasa ndani. Ukikwama kwenye mfereji, ujue ganda linakaribia kukatika hapo, linatupwa.

Sasa niambie, kwenye karakana yako shaba mnaipasha hadi rangi gani kabla ya kuikunja? Babu anaangalia kwa macho, gizani, na anataka kusikia fundi mwingine anasemaje. Na umuulize mama kama ile medali ya Burma ya babu yako bado ipo. Nikipata picha yake nitamwonyesha mzee wangu wa hapa.

Wako,
Juma