Ile habari yenu ya kansa ya mapafu nusura ituuzie shamba

Ndugu mhariri, mi sio mtu wa kuandika barua kwenye magazeti ila hii imenikaa kooni.

Juzi kati binamu yangu karusha kwenye grupu la familia picha ya ukurasa wenu, kichwa cha habari kinasema kuna dawa ya mionzi inasaka kansa ya mapafu na kuimaliza. Baba mdogo anayo hiyo kansa. Kakohoa karibu mwaka mzima, miezi sita humo kameza dozi ya TB ambayo wala hakuwa nayo, mpaka walipokuja kukata kinyama wakapima. Sasa ile picha imeingia saa kumi jioni, kufika saa mbili usiku grupu zima lishakubaliana eka nne za mpunga kule Ifakara ziuzwe mzee apelekwe China, na dalali wa safari za matibabu kashapatikana, tena kashatuma namba ya akaunti.

Mi nikasema jamani ngojeni, nikakaa na simu usiku mbili nasoma.

Kwanza dawa yenyewe sio mpya. China waliiruhusu tangu 2003, inaitwa Vivatuxin, chimbuko lake ni kazi ya mtafiti Alan Epstein wa chuo kikuu cha Southern California, Marekani. Ni kingamwili, yaani protini kama zile za kinga ya mwili zinazonasa kitu kimoja maalumu, imebebeshwa aidini 131, ile ile ya mionzi wanayopewa wagonjwa wa kansa ya tezi ya shingo, kila siku nane nguvu yake inashuka nusu. Na wala haisaki chembe za kansa zilizo hai kama mlivyoandika! Uvimbe ukikua mbiombio katikati damu haifiki, chembe za huko zinakufa zinapasuka vya ndani vinabaki wazi, basi kingamwili inakwenda kung'ang'ania hapo hapo kwenye maiti, halafu mionzi inawaunguza majirani walio hai, milimita moja mbili pembeni. Nilivyoelewa hapo nikacheka peke yangu, yaani mtego umetegwa msibani. Waliofikiria hivyo wana akili, tusibishane.

Ila matokeo ndo mliyoyaruka. Utafiti wa Wachina kuhusu dawa hiyo uliochapishwa 2005 ulikuwa na hospitali 8 na wagonjwa 107, wote kansa imeshafika mbali na matibabu ya kawaida yameshindwa. Uvimbe ulipotea kabisa kwa watu 4. Kwa 33 ulisinyaa, kwa 59 haukubadilika sana, na 11 uliendelea kukua. Na hakukuwa na kundi la pili lisilopewa dawa ili walinganishe, sasa neno "kuimaliza" mmelitoa wapi? Uvimbe kusinyaa kwenye picha sio mtu kupona, hata mama muuza maandazi hapa kwetu ukimweleza hivyo anaelewa.

Halafu madhara hamkugusa. Kingamwili ni kitu kikubwa, inazunguka kwenye damu siku kadhaa na mionzi yake mgongoni kabla haijafika inakokwenda, kwa hiyo uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unapigwa na chembe za damu zinashuka kwa muda mpaka zipande tena. Mgonjwa anapewa na matone ya aidini ya kawaida tezi yake ya shingo ishibe, isije ikanyonya ile ya mionzi.

Wamarekani wenyewe kingamwili za mionzi walizoruhusu 2002 na 2003 zilikuwa za kansa ya mitoki (limfoma), ambayo mionzi inaiweza kirahisi, sio ya mapafu, na moja ikatolewa sokoni 2014, sio kwamba haifanyi kazi, wateja walikuwa wachache. Uvimbe mgumu wa kwenye pafu ni habari nyingine, dawa inaingia kwa shida.

Jumapili nikamsomea baba mdogo zile namba barazani kwake, moja moja, bila kumficha. Kanyamaza, akaniambia rudia ya katikati. Nikarudia, 59. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu mi mniweke hapo kwa wengi," akacheka mpaka kikohozi kikamshika nikamletea maji. Shamba kakataa lisiguswe, anataka mpunga wa msimu huu uingie kwanza, na kemo anaendelea nayo hapa hapa.

Naomba hizo namba nne mzichape, ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa kama mlivyofanya mwanzo, maana dalali bado anapiga simu, jana kapiga mara tatu.

Msomaji wenu, Morogoro