Injini Utaipata Kisekka, Bodi Utaitoa Wapi? Kutu Kwenye Subaru za Zamani

Kijana mmoja alituletea Subaru Impreza wagoni, GF8, aliyokuwa ameinunua wiki mbili kabla. "Fundi, hii ni rangi tu," akasema. "Vipovu vitatu juu ya gurudumu la nyuma. Nipigie rangi nisafiri nayo Mbale."

Rangi ilikuwa mpya na inang'aa. Tulitoa zulia la buti, tukafungua plastiki inayofunika kichwa cha shokomzoba, tukamulika tochi. Bati lilikuwa limebanduka matabaka matabaka kama chapati. Bisibisi ndogo ilizama bila kusukumwa. Upande wa nje tukapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: kwenye mlango ilishika, juu ya gurudumu ikateleza. Tulipokwangua tukakuta pati, yaani ujiuji mgumu wa kujazia mashimo ya bodi, nene kama kidole, na nyuma ya pati gazeti lililokunjwa kuziba tundu. Kijana alinyamaza muda mrefu. Alikuwa ameshamaliza kulipa.

Tunaandika haya kwa sababu gari kama lile tunaliona mara kwa mara, na kila mara mwenye gari amekagua injini, amesikiliza tabo, amejaribu gia, ila hakulala chini kutazama. Injini ya Subaru ikifa utapata nyingine Kisekka, soko la vipuri Kampala. Bodi ni habari nyingine. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, na GF8 za mwisho, pamoja na GC8, ndugu yake isiyo wagoni, zilitoka kiwandani 2000. Zilizobaki nchini ndizo hizi hizi, na kila moja inayooza haina mbadala.

Kutu yenyewe mara nyingi ilianza Japani. Hokkaido, Niigata na mikoa mingine ya baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hujipenyeza kwenye maungio ya mabati, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Kama muuzaji bado ana karatasi ya mnada wa Japani, iombe. Herufi S ni kutu, C ni bati lililoanza kuliwa, W ni bamba lililowahi kunyooshwa. Namba inayofuata ikipanda, hali ni mbaya zaidi. Kisha gari lilikaa bandarini Mombasa kwenye hewa ya bahari, likaja Malaba, na hapa likakutana na udongo wetu mwekundu. Udongo huo huganda ndani ya tao la gurudumu, ukaziba vitundu vya kutolea maji chini ya milango, na msimu wa mvua hubaki na unyevu siku nyingi. Bati linaliwa kutoka ndani. Ukiona kipovu kwenye rangi, jua kutu imeshatoboa na sasa inachungulia nje.

Ukienda kuangalia Subaru ya miaka hiyo, anza na vichwa vya shokomzoba vya nyuma, ndani ya buti, pande zote mbili. Halafu kunja zulia la miguuni uguse kama kuna unyevu. Bomba la kujazia petroli, nyuma ya gurudumu la kulia, huoza chini ya kifuniko chake cha plastiki. Gari likinuka petroli kila ukijaza tenki hadi juu, tazama hapo kwanza. Paipu za breki za chuma zinazopita karibu na tenki tunazishika kwa mkono, kwa sababu moja ikipasuka kwenye mteremko wa Kabale, si suala la urembo tena.

Jihadhari pia na gari lililopakwa andakoti nyeusi mpya chini kote. Andakoti ni nzuri ikipakwa juu ya bati safi na kavu. Ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevu ndani na kazi ya kuoza inaendelea gizani. Wako pia wanaopulizia oili chafu na dizeli; inapunguza kutu kidogo, lakini inaharibu mipira ya sispensheni.

Sisi hatupigi pati juu ya tundu, hata mteja akisisitiza. Pati inanyonya maji, na baada ya misimu miwili ya mvua utarudi na tundu kubwa kuliko la kwanza. Kutu ya juujuu tunaisugua mpaka chuma king'ae, tunapaka dawa ya kutu, kisha praima. Iliyotoboa tunaikata hadi tukute bati zima, hata kama tundu la ukubwa wa shilingi linageuka kuwa la ukubwa wa sahani. Tunashusha tenki, tunatoa nyaya za betri, tunachomelea bati jipya kwa mashine ya gesi, nukta moja moja, huku tukirukaruka ili bati lisipinde kwa joto. Welding ya vijiti inaunguza bati jembamba hivi. Mwisho tunaziba maungio na kupulizia nta ndani ya uwazi, kule ambako brashi haifiki.

GF8 ya yule kijana ilikaa kwetu wiki tatu, na malipo yakazidi alivyotarajia. Kama angekuja nayo kabla ya kununua, angalau angekuwa na hoja ya kumshusha muuzaji bei, au angeondoka zake.

Kwa hiyo njoo na gari kabla hujalipa. Njoo asubuhi, na umwombe muuzaji asilioshe siku hiyo: bodi ikiwa imelowa inang'aa yote sawasawa, na mawimbi ya pati hayaonekani.