Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waendesha Boti: Injini Izimwe Kwanza

Ndugu wanachama,

Mwaka tumeumaliza salama, hakuna aliyepoteza maisha. Hesabu mtasomewa na mweka hazina, na matengenezo ya gati yamekamilika kama mlivyojionea, kwa hiyo huko sitakaa. Nafasi hii naitumia kwa jambo ambalo limeninyima usingizi: injini kuachwa inanguruma huku watu wamo majini.

Katikati ya msimu boti ya mwenzetu ilisogea kuwapakia waogeleaji wawili. Nahodha aliweka gia frii, akaenda tezi, yaani nyuma ya boti, kushusha ngazi. Abiria mmoja, katika kumpisha, akauegemea mkono wa gia, ikaingia rivasi. Binti aliyekwisha kushika ngazi alivutwa chini ya boti. Mwenzake alimwahi, na abiria mwingine akageuza ufunguo. Pezi la kuogelea alilovaa binti yule mguuni lilikatwa vipande viwili, ila mguu ulipona. Pezi hilo ninalo ofisini. Mkato wake ni laini kama wa kisu kilichotoka kunolewa.

Nahodha yule si mzembe. Alifanya ambalo wengi wetu tumelifanya kwa miaka, mimi nikiwemo. Lakini frii si kuzima. Kwenye baadhi ya injini propela huendelea kuzunguka taratibu hata gia ikiwa frii, na mkono wa gia hauchagui nani ameuegemea. Propela ya mapanga matatu ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, panga hupita mahali pamoja mara 160 kwa sekunde moja. Hakuna atakayewahi kuvuta mguu.

Kwa hiyo mwogeleaji akikaribia, injini inazimwa, ufunguo unatoka, kisha ndipo ngazi inashushwa. Mnasema upepo utaisukuma boti. Ni kweli, na ndiyo maana unamkaribia mtu polepole, omo, yaani mbele ya boti, ikielekea upepo, ukimweka upande ambao unamwona muda wote, na unamrushia kamba badala ya kumsogelea hadi mwisho. Ukikosa, zunguka kwa mbali, uanze upya.

Kuzima kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hujikusanya tezi, palepale watu wanapopenda kukaa wakining'iniza miguu. Anayeumwa kichwa na kusikia kizunguzungu hudhaniwa amechafukwa na bahari. Mhamisheni haraka penye hewa safi, na injini izimwe.

Kuhusu abiria, ombi langu ni moja: boti ikiwa inakwenda, asikae mtu kwenye ukingo wa omo. Anayeangukia mbele hupitiwa na boti nzima kabla nahodha hajageuza shingo. Akiangukia ubavuni, kata usukani upande uleule alioangukia ili tezi imkwepe, na uzime. Na wewe nahodha ukianguka? Kamba ya kuzimia injini ndiyo itakayokuokoa, iwapo umeifunga mwilini. Nimekuta nyingi zimening'inizwa kwenye usukani. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, ni sheria kuitumia katika boti nyingi za chini ya futi 26 zinapokwenda kasi. Sisi tusingoje kulazimishwa.

Sasa baridi. Mafunzo ya mwaka huu yalinifundisha mimi kuliko wale niliodhani nitawafundisha. Tulijaza ndoo maji na barafu, kila mmoja akatumbukiza mikono kwa dakika chache, kisha akaambiwa afunge kifungo cha jaketi la kuokolea. Nilimtazama mzee wetu mmoja, fundi ambaye hufungua kabureta gizani. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vinagonga plastiki tu. Aliposhindwa mara ya nne, ukumbi mzima ulinyamaza.

Maji baridi hayangoji mwili ugande. Katika dakika ya kwanza mtu hutweta bila hiari, na akitweta kichwa kikiwa chini, anameza maji. Ndani ya dakika 10 hivi mikono na miguu hukataa kutii. Kupoteza fahamu kwa ubaridi huja baadaye sana, mara nyingi saa nzima. Wengi huzama kabla ya hapo, na baadhi yao ni waogeleaji hodari. Jaketi lililo chini ya kiti halivaliki tena.

Mkimwopoa aliyepoa sana, mtoeni majini akiwa amelala ikiwezekana, kwa maana kumnyanyua wima kunaweza kuushusha ghafla mgandamizo wa damu. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni, mpasheni joto kifuani na shingoni. Msimsugue mikono na miguu. Pombe msimpe hata tone.

Kamati inawaombeni mpigie kura mapendekezo mawili: kila abiria avae jaketi kabla kamba ya gati haijafunguliwa, na nahodha atakayepakia mtu kutoka majini injini ikiwaka asimamishwe hadi arudie mafunzo. Mimi naunga mkono yote mawili.

Ndoo za barafu zitarudi kwenye mafunzo yajayo. Kila mmoja aje na jaketi lake analolivaa kazini, asiazime la jirani.

Mwenyekiti