Kabla hujasema tumeharibu filamu yako, tazama chembe zake

Mteja mmoja alipiga harusi ya dada yake kwa kamera ya Super 8, ile ya filamu nyembamba inayokuja ndani ya katriji, katriji sita, akatuletea tuzioshe na kuziskani. Siku aliyopokea faili alipiga simu akiwa amekasirika: picha zina ukungu, zinatetemeka, zimejaa chembe kama mchanga. Alitaka tuskani upya bila malipo, tena kwa ukubwa wa juu zaidi, kwa sababu mashine yetu "haikulenga vizuri".

Malalamiko haya tunayapata kila mara, kwa hiyo naomba niyajibu mara moja kwa kirefu.

Tulimwomba aje. Tulimkalisha mbele ya skrini, tukachukua fremu moja ya bibi harusi na kuikuza mpaka jicho likajaa skrini nzima. Chembe za filamu zilionekana moja moja, kali kabisa. Kope za bibi harusi hazikuonekana. Chembe zimo ndani ya filamu yenyewe, hivyo skana ikikosa fokasi, chembe nazo hufifia. Zikiwa kali huku uso una ukungu, kosa lilitokea siku ya kupiga, na hata tukiskani kwa ukubwa mara mbili tutakuuzia ukungu uleule kwenye faili kubwa zaidi.

Mtetemo nao unajieleza. Huwa tunaskani kwa upana unaoonyesha tundu la pembeni, lile linaloshikwa na mashine kuivuta filamu, pamoja na ukingo wa fremu. Tundu likirukaruka, ni sisi, na kazi hiyo tunairudia bila kukutoza. Tundu likitulia lakini ukingo wa fremu ukawa unacheza, filamu haikukaa sawa ndani ya kamera. Vyote viwili vikitulia na watu ndio wanaoyumba, huo ni mkono wa mpigaji. Mtetemo wa harusi ile ulikuwa mkono, kwenye vipande ambavyo zumu ilivutwa hadi mwisho.

Wengi husahau udogo wa kitu tunachoshughulika nacho. Tangu Kodak walipoitoa Super 8 mwaka 1965, fremu yake haifiki milimita 6 kwa upana, na kwenda juu ni kama milimita 4 tu. Ukiionyesha kwenye skrini ya mita 2 umeikuza zaidi ya mara 340, na kila kosa limekua pamoja nayo. Ndiyo maana tunawaambia wateja waweke kamera kwenye stendi, na wakilazimika kushika kwa mkono, wabaki kwenye upana, yaani bila kuvuta zumu, na wasogee kwa miguu.

Sasa njia ya mkato inayotuumiza zaidi: "Nipe ya 500, nisikose mwanga." Namba hiyo ni wepesi wa filamu kupokea mwanga; ikiwa kubwa, filamu inahitaji mwanga kidogo. Ndani ya ukumbi usiku, sawa, ya 500 ndiyo yake. Lakini mteja wetu aliitumia pia nje, jua la saa sita. Filamu ya 500 ina chembe kubwa kuliko ya 50, na juani kamera hulazimika kuufunga mlango wa lenzi hadi mwisho. Kwenye fremu ndogo hivi, ukifika f/16 au f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo) mwanga unaopita kwenye kijitundu kile hutawanyika, na ukali wa picha hupotea hata kama fokasi ilikuwa sahihi. Lenzi nyingi za kamera hizi huwa katika ubora wake kwenye f/4 hadi f/5.6. Kwa mchana wa jua chukua ya 50. Kama una ya 500 pekee, weka kichujio cha ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga. Na negativu, filamu ambayo picha yake hutoka kinyume kwa mwanga na rangi, usiinyime mwanga: ikikosa, vivuli hujaa chembe, kwa hiyo tunashauri uzidishe kwa nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Ektachrome, filamu ya Kodak inayotoa picha moja kwa moja bila negativu, ni kinyume chake: mwanga ukizidi sehemu nyeupe zinaungua na hazirudi.

Kuna wanaoamini programu itaokoa kila kitu. Tunaweza kutuliza picha inayoyumba, lakini pembe za fremu zitakatwa, na fremu zilizopigwa mkono ukitikisika zitabaki na ukungu: picha imesimama huku ukungu unakuja na kuondoka. Kufuta chembe nako kuna gharama, kwa sababu chembe na nywele za mtu zinakaribiana kwa ukubwa. Ukifuta hizi na zile zinaondoka, uso unabaki kama wa nta. Tukiombwa tunafanya, ila tunamwonyesha mteja kwanza.

Kamera ya bwana yule tuliikagua pia. Zumu ikivutwa ilikuwa kali, kwenye upana ilikuwa na ukungu. Hiyo ni dalili ya lenzi iliyogongwa ikahama mahali pake kwa upande wa nyuma. Yeye asingeweza kujua, kwa sababu katika kamera nyingi za aina hii kitazamio hupokea mwanga kabla haujafika kwenye vioo vya mwisho vya lenzi, kwa hiyo jicho linaona picha safi huku filamu inapokea ukungu. Alikuwa amefuata utaratibu sahihi: akarekebisha kitazamio kwa jicho lake, akavuta zumu yote, akalenga macho, kisha akarudi kwenye upana. Kamera ndiyo iliyomwangusha. Tulikuwa tumemshauri mapema apige katriji moja ya majaribio, akaona ni hasara. Katriji ni mita 15, dakika mbili na nusu kwa fremu 24 kwa sekunde. Kwa kukwepa moja alizipoteza sita, na dada yake hataolewa upya ili tupige tena. Nilisikitika kwa kweli.

Mwingine alisikia mota inapiga kelele akatia mafuta ya cherehani kwenye geti, kidirisha kinachoishikilia filamu nyuma ya lenzi. Tulikaa na filamu yake siku mbili tukiisafisha kwa mkono. Mwingine alikwangua uchafu wa geti kwa pini; kuanzia siku hiyo kila filamu yake ina mstari mmoja ulionyooka, mwanzo hadi mwisho. Geti husafishwa kwa brashi laini na kijiti cha mti, basi.

Mkiuliza kwa nini ukaguzi wetu unagharimu zaidi ya filamu yenyewe, kazi ni hii: kufungua lenzi, kutoa grisi iliyokauka, kurudisha fokasi ya nyuma (umbali wa lenzi hadi kwenye filamu) kwa kipimo, kupima mwendo wa mota, kisha kupiga filamu ya majaribio, kuiosha na kuitazama fremu kwa fremu. Kamera haiondoki mezani kabla filamu hiyo haijaturidhisha, na tunakukabidhi uione mwenyewe.

Ukiwa na malalamiko, njoo na filamu pamoja na kamera iliyoipiga. Usiisafishe njiani. Hata unywele ulionasa kwenye geti uache hapohapo, tuulinganishe na ule unaoonekana pembeni mwa picha zako.