Je, Duara Lile ni Kaburi?

Oxford, Julai

Mpendwa Nashipai,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako imenifikia salama, na ile picha ya setilaiti uliyoichorea kalamu nyekundu iko mezani kwangu. Unauliza kama duara lile la nje ya Narok laweza kuwa kaburi la kale, kama haya ninayoyatafuta mimi. Nitakujibu, ila acha kwanza nikueleze tunavyozisoma picha hizi.

Miaka elfu nne hivi iliyopita, watu wa huku wakimzika mtu wao walichimba mtaro wa duara kulizunguka kaburi, na udongo wake wakaurundika juu. Baadaye wakulima wakalima hapo, kizazi baada ya kizazi, hadi rundo likasawazika. Leo ukisimama shambani huoni kitu. Lakini ule mtaro ulijaa udongo wenye rutuba, unaoshika maji kuliko changarawe iliyo kandokando yake. Unaijua ile sukuma wiki iliyo karibu na pale mama anapomwaga maji ya vyombo: jua likiwaka, ndiyo ya mwisho kunyauka. Shayiri ya juu ya mtaro nayo hurefuka, hubaki kijani wakati nyingine imeshageuka njano, na aliye kwenye ndege akaliona duara zima. Penye msingi wa mawe huwa kinyume, mimea hudumaa. Muda wenyewe ni mfupi, kiangazi kabla ya mavuno, na ukame ukizidi ndipo alama zinapojitokeza zaidi. Ukame wa 2018 ulifichua kule Ireland, karibu na kaburi maarufu la Newgrange, duara kubwa ambalo halikuwa likijulikana. Walioliona ni watu wawili waliokuwa wakirusha droni.

Sasa nina picha moja iliyopigwa jioni, jua likiwa chini. Mistari ya trekta inapita shambani sambamba, na chini yake kuna duara la kijani kibichi, upana wake kama mita 20. Katikati kuna doa jeusi, refu kuliko upana wake. Doa hilo ndilo linalonifanya niandike "huenda ni kaburi", kwa sababu shimo la kaburi nalo hushika unyevu. Bila doa ningesita. Nyumba za msonge za Zama za Chuma pia zilizungushiwa mtaro wa maji ya mvua, ingawa nyingi zilikuwa ndogo zaidi. Vinu vya upepo viliacha maduara, hata vituo vya taa za kumulikia ndege za adui katika Vita vya Pili vya Dunia viliacha ya kwao.

Ninachokiwaza kila mara ni mahali paitwapo Woodhenge, karibu na Stonehenge, lile duara maarufu la mawe makubwa ya kale hapa Uingereza. Kwa muda mrefu watu waliamini pale palikuwa na rundo la kaburi lililolimwa. Desemba 1925 rubani Gilbert Insall akapita juu yake, akaona madoa meusi yamejipanga. Mwaka uliofuata ngano ilipokua, madoa yakaonekana wazi, duara ndani ya duara. Maud Cunnington alipochimba, akakuta ni mashimo ya nguzo za miti, duara sita. Basi si kaburi? Karibu na katikati palizikwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Picha ilionyesha nguzo, lakini mtoto yule alijulikana kwa kuchimba tu. Ndiyo maana sipendi kabisa mtu anapotia alama ya kaburi kwenye ramani kwa kutazama picha peke yake. Aliyelala pale alikuwa na watu wake waliomlilia.

Hata hivyo picha zina thamani kubwa. Kule Dorchester, kando ya mto Thames, Meja George Allen alipiga picha za maduara ya namna hii miaka ya 1930. Baadhi yalichimbwa baadaye na kukutwa mabaki ya watu waliochomwa moto. Kisha wachimba changarawe wakaingia, na sehemu kubwa ya eneo lile haipo tena.

Sasa duara lako. Kwa huko kwetu, mahali penye nyasi za kijani mbichi katikati ya mbuga, mimi ningewaza kwanza boma la zamani la mifugo. Wataalamu wamepima udongo wa maboma ya wafugaji wa kale huko huko kaunti ya Narok, mengine yana karibu miaka 3,000 au zaidi, wakakuta samadi bado imeurutubisha. Kwa hiyo naomba unisaidie. Nenda ukalitazame. Je, nyasi zimejaa ndani yote, au ni ukingo tu? Kuna mawe yaliyorundikwa? Waulize wazee kama panajulikana kwa jina. Usichimbe hata kidogo, wala usiokote kitu. Ukiona mifupa au vigae, waarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nipigie picha nyingine mvua zikikatika, tuzilinganishe.

Msalimie sana mama.

Wako,
Wanjiru