Taarifa ya Mwenyekiti kwa Walimu wa Hisabati wa Wilaya, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa urefu. Kamati tendaji ilikaa mara nne. Semina ya logi (logarithimu) ilifanyika Machi. Mtihani wa ujirani mwema, ule wa majaribio wa pamoja kati ya shule, wa kidato cha pili ulifanyika Agosti katika shule zetu zote 18, na Upimaji wa Kitaifa wenyewe ulianza Oktoba 28. Tulisaidia pia kuhakiki orodha za watahiniwa, na kasoro ni ile ya kila mwaka: mtoto ameshahamia shule mpya na anakaa darasani, lakini kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, bado yuko shule aliyotoka. Uhamisho usiokamilika kwenye mfumo haumpi mtoto namba ya upimaji katika shule mpya. Mwalimu wa darasa aufuatilie mapema, asingoje orodha zifungwe.

Sasa nije kwenye jambo lililozungumzwa sana, ndani ya vikao na zaidi nje ya vikao. Inasemwa kwamba kamati ilichukua akiba iliyokusudiwa kununua sare na nauli za mkutano mkuu ikaimalizia kwenye karatasi. Ni kweli tulichapa mtihani wa Agosti kwa vijitabu, na ni kweli fedha ilitoka kwenye akiba. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikaliridhia, na sijaona sababu ya kulijutia.

Miaka ya nyuma tulikuwa tunachapa karatasi moja, maswali mbele na nyuma, mtoto anajibu kwenye fulskepu. Shule nyingine ziliandika maswali ubaoni. Ilikuwa rahisi, lakini mtihani wa namna hiyo mtoto hatakutana nao Oktoba. Kwenye Upimaji anapewa kijitabu chenye maswali na nafasi za kujibia humo humo. Saa mbili na nusu, maswali kumi, yote ya lazima, kila moja alama 10. Hana fulskepu ya pembeni. Anatakiwa aandike namba yake ya upimaji juu kulia katika kila ukurasa, aandike kwa wino wa bluu au mweusi, penseli iwe ya michoro tu. Kikokotoo hakiingii chumbani. Anategemea jedwali la hisabati na kichwa chake.

Aliyezoea fulskepu akipewa nafasi ya mistari michache hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaanza kwa maandishi makubwa, nafasi inamwishia katikati ya hesabu, anamalizia pembezoni ambako msahihishaji haoni. Ama anafanya hesabu kiganjani au juu ya dawati, kwenye kijitabu anaandika jibu tupu. Jibu likiwa na kosa dogo la kutoa au kujumlisha, alama za njia zinapotea zote, maana njia haipo. Katika vijitabu 2,140 tulivyosahihisha Agosti, zaidi ya 600 vilikuwa na namba ukurasa wa kwanza tu. Kwa fulskepu tusingeliona hilo hata kidogo, na watoto wale wangekwenda nalo Oktoba.

Gharama ni hii. Kijitabu cha kurasa 12 ni karatasi sita, mbele na nyuma. Kwa watoto 2,140 ni karatasi 12,840, yaani rimu 26 kwa shilingi 12,000, jumla 312,000. Wino na masta za risografu, ile mashine ya kuchapia nakala nyingi, 260,000. Kubana vijitabu 40,000. Jumla 612,000. Kupanga kurasa na kupima nafasi ya kila swali nilifanya mwenyewe, sikudai posho. Kama tungempa fundi wa duka la stesheni kazi hiyo, bei ingekuwa nyingine.

Faida ya pili ni kwamba tulisahihisha pamoja, kila mwalimu swali lake, vijitabu vikipita mkono kwa mkono. Aliyekaa na swali la logi aliona kosa moja likijirudia shule baada ya shule. Mtoto anatafuta logi ya 0.00523. Anaandika vizuri 5.23 × 10⁻³, anasoma kwenye jedwali 0.7185 bila kosa, halafu anaandika −3.7185. Alama ya kutoa ameiweka mbele ya namba nzima, wakati hasi ni ya ile 3 peke yake. Ndiyo maana kistari kinakaa juu ya 3 na 0.7185 inabaki chanya. Thamani yenyewe ni −3 + 0.7185, yaani −2.2815. Akishakosea hapo, kila kitu kinachofuata kinaharibika, na hesabu ndefu ya kuzidisha na kugawanya inampa sifuri licha ya kusoma jedwali sawasawa. Semina ya Machi ilikuwa ya mada hii hii. Waliohudhuria walikuwa 14.

Wapo waliouliza kwa nini tujisumbue hivyo, wakati mtoto anavuka kwenda kidato cha tatu hata akipata F ya Hisabati. Hesabu yao ni sahihi. D mbili, au C moja, zinatosha: katika masomo saba D mbili ni pointi 8, F tano ni 25, jumla 33, mwisho wa daraja la nne, ambalo bado ni kufaulu. C moja na F sita ni 33 vilevile. Hisabati haihitajiki humo. Lakini somo hili ni la lazima hadi kidato cha nne, na aliyevuka bila kuelewa vipeo na logi hatapata nafasi ya kurudi nyuma. D ya Hisabati inaanzia alama 30. Ni maswali matatu kamili kati ya kumi. Mtoto wa kawaida, akifundishwa seti na takwimu vizuri, akajua kuonyesha njia, anazifikia. Siwezi kukubali kwamba tumwache kwa sababu kanuni inamruhusu kuvuka.

Mahudhurio yananiuma kuliko maneno ya sare. Wanachama tuko 52. Waliokuja kusahihisha ni 23. Maswali 21,400 kwa watu 23 ni karibu maswali 930 kila mmoja, ndiyo maana siku mbili zilizopangwa zikawa tatu. Tungekuja wote, kila mmoja angesahihisha 412 na kurudi kwake. Na waliolalamika zaidi kuhusu matokeo kuchelewa, majina yao hayamo kwenye daftari la mahudhurio.

Ada ni 20,000 kwa mwaka. Wamelipa kamili 19, nusu 11, hawajalipa kabisa 22. Zimeingia 490,000 badala ya 1,040,000. Tulianza na 735,000. Tumetumia 612,000 kwa uchapaji, 345,000 kwa chakula na chai siku za usahihishaji, 38,000 kwa kalamu nyekundu na bahasha. Zimebaki 230,000. Ada zote zingelipwa, kungebaki 780,000, na sare zingepatikana bila kugusa kijitabu hata kimoja.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuwaomba wakuu wa shule wachangie karatasi, na Mungu akijalia kuandaa semina ya jometri kwa ajili ya pembetatu zinazolingana, ambako watoto wengi waliacha nafasi tupu kabisa. Mtaala ulioboreshwa nao unahitaji kikao chake. Mweka hazina anapokea ada hadi mwisho wa Januari.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti